Mfumo wa mauzo na stoo wa kulipia kwa mwezi kwenye duka la vifaa vya ujenzi: jinsi ya kuuanza bila kupoteza hesabu

Duka la vifaa vya ujenzi la Ngamiani linauza misumari kwa kilo na kwa robo, waya kwa mita, nondo kwa kipande, rangi kwa ndoo na kwa galoni, na bawaba moja moja. Kaunta buku inayabeba mauzo hayo yote, na maduka mengi ya Tanga yamefika mbali nayo. Inapokwama ni pale mwenye duka anapotaka kukua na kuanza kuuliza: waya wa 2.5 umebaki mita ngapi sasa hivi? Fundi yule wa Makorora anadaiwa jumla shilingi ngapi, ukikusanya kurasa zote alizoandikwa? Kitu gani kimekaa rafuni tangu Ramadhani hakijaguswa?

Mifumo ya mtandaoni ya mauzo na stoo hujibu maswali ya aina hii papo hapo. Programu yenyewe haikai kwenye kompyuta yako. Inakaa kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza, ndiyo hiyo watu huiita “wingu”, nawe unaifungua kwa simu, kishikwambi au kompyuta mpakato. Unaipanga kama unavyopanga fremu: kila mwezi unalipa kodi, mwenye jengo anashughulika na paa, na siku ukiacha kulipa mlango unafungwa. Mali iliyo ndani ni yako, lakini utaifikiaje ukiwa nje? Jambo hilo lina hatua yake huko mwishoni, ila likae kichwani tangu sasa.

Mfano wa humu ni duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu ndilo lenye vipimo vingi na vya kutatanisha. Mwenye duka la nguo au vipodozi atalipanga lake kwa kazi ndogo zaidi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kodi ya mfumo

Tuchukulie kifurushi ni sh 40,000 kwa mwezi na bando la duka ni sh 20,000. Jumla sh 60,000. Kama faida ghafi ya duka lako ni asilimia 12, gawanya 60,000 kwa 0.12: mfumo lazima ukuletee mauzo ya ziada ya sh 500,000 kwa mwezi ndipo ujilipe. Au uzuie upotevu wa sh 2,000 kwa siku, na hapo ndipo maduka mengi huirudisha pesa yake mapema. Sh 2,000 ni mita moja au mbili za waya zilizokatwa zikasahaulika kuandikwa.

Angalia bei imeandikwa kwa fedha gani. Kifurushi cha dola 20 kilikuwa kama sh 46,000 mwanzoni mwa 2023, dola ilipokuwa karibu sh 2,300; katikati ya 2024 dola ilishapita sh 2,600 na kifurushi kilekile kikavuka sh 52,000, bila kampuni kupandisha hata senti. Baadhi ya kampuni za nje huongeza pia VAT. Halafu kuna njia ya kulipa: nyingi hukata zenyewe kwenye kadi kila mwezi, kwa hiyo kadi iwe imeruhusiwa kununua mtandaoni na iwe na salio siku ya makato. Usitumie kadi ya akaunti kuu ya biashara. Fungua ndogo, uijaze kila mwezi.

Malipo ya mwaka mzima huja na punguzo linalovutia. Miezi mitatu ya kwanza lipa kwa mwezi, hata kama ni ghali kidogo.

Hatua ya 2: Ujaribu mfumo kwa mauzo yako mwenyewe

Yapo majina mengi. Loyverse ina sehemu ya mauzo isiyolipiwa, na unalipia nyongeza kama usimamizi wa wafanyakazi na stoo ya kina. Odoo ina moduli nyingi unazochagua moja moja. Zoho Inventory imejikita kwenye stoo na oda, na QuickBooks Online ni ya uhasibu zaidi kuliko ya kaunta. Ipo pia mifumo ya Kitanzania, ambayo faida yake kubwa ni kulipa kwa simu na kumpigia mtu anayekuelewa. Orodha ya sifa kwenye tangazo isikusumbue. Mingi hutoa wiki mbili au mwezi wa kujaribu bure. Zitumie siku hizo kuufanyia mfumo mambo haya:

Weka simu kwenye hali ya ndege, uza vitu vitatu, kisha rudisha mtandao. Mauzo yote matatu yameingia? Uza waya mita 7.5, kuna mifumo inayokubali namba nzima tu, na hiyo haikufai hata ikiwa bure. Pokea bidhaa iliyorudishwa na mteja, uone kama stoo imeongezeka na pesa imepungua. Ingia kwa akaunti ya muuzaji, uhakikishe haoni bei ya kununulia. Mwisho, toa orodha nzima ya bidhaa na mauzo kwenye faili la CSV au Excel. Mfumo usiokuruhusu kutoa data yako, uache hapohapo.

Jaribio la hali ya ndege lisirukwe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchi nzima. Duka lililokuwa na mfumo unaofanya kazi bila mtandao liliendelea kuuza. Siku za kawaida tatizo huwa dogo na la karibu zaidi: umeme wa TANESCO ukikatika, ruta ya dukani inazima mara moja, ilhali mnara wa simu una betri zake na unaendelea. Kwa hiyo tumia kifaa chenye laini ndani, weka laini ya mtandao wa pili iliyo na bando, na pawabanki iliyojaa. Muuzaji aelewe pia kwamba mauzo yaliyofanyika bila mtandao yamo ndani ya kifaa hicho tu mpaka yapande. Akiifuta programu au kusafisha data ya simu kabla ya hapo, yamekwenda.

Hatua ya 3: Majina na vipimo

Hapa ndipo mfumo unapofaulu au kufa, na ndipo watu wanapopita mbio.

Fungua jedwali kwenye Excel au Google Sheets lenye safu nane: jina, ukubwa, kipimo, bei ya kununulia, bei ya rejareja, bei ya jumla, idadi, na kiwango cha kuagiza. Jina liwe na mpangilio mmoja kila mara: kitu kwanza, aina, kisha ukubwa. “Msumari wa kawaida inchi 3.” “Msumari wa bati inchi 2.5.” Ukimwachia kila mmoja aandike anavyotamka, utakuta “msumari wa nchi tatu”, “misumari 3” na “M/3” ni bidhaa tatu tofauti, kila moja na stoo yake ya uongo.

Kipimo cha msingi kiwe kile unachouzia, si kile unachonunulia. Unanunua roli ya waya, unauza mita: andika mita. Unanunua katoni ya misumari, unauza kilo na robo: andika kilo, na robo iwe 0.25. Rangi ni tofauti. Ndoo ya lita 20 na galoni ya lita 4 ni bidhaa mbili, kwa kuwa huchoti ndoo kujaza galoni.

Sasa itazame roli ya waya kwa karibu. Lebo ya roli nyingi imeandikwa yadi 100. Yadi ni sentimita 91.44, hivyo ndani ya roli mna mita 91.44. Mwenye duka anasoma “100”, anaingiza mita 100, na kila roli inapokwisha mfumo unasema zimebaki mita nane na nusu ambazo hazimo dukani. Baada ya roli nne anamkalia kikao kijana wa kaunta kwa mita 34 ambazo hazikuwahi kuwepo.

Na bei inaharibika vilevile. Roli ya sh 108,000 ukiigawa kwa 100, mita moja imekugharimu sh 1,080. Ukiigawa kwa 91.44, ni sh 1,181. Anakuja fundi: “Bosi, nikatie mita arobaini, nifanyie elfu moja mia na hamsini.” Skrini inaonyesha bado una faida ya sh 70 kila mita, unakubali. Ukweli ni kwamba umepoteza sh 31 kila mita, na umemshukuru kwa kuja.

Misumari ina tatizo lake, nalo ni mkono wa muuzaji. Katoni ya kilo 25 inatoa robo 100. Kila robo ikizidi gramu 10 tu, yaani misumari michache ya kumfurahisha mteja, kilo nzima imepotea katoni inapokwisha. Kuongeza si kosa, ni desturi ya biashara na huwarudisha wateja. Kosa ni kutoihesabu. Kila katoni ikiisha, ingiza kilo moja chini ya “upotevu” ili stoo iendane na rafu, na gharama hiyo ionekane ilipo.

Saruji ni mfuko wa kilo 50, hesabu yake nyepesi, isipokuwa kwa hewa ya pwani. Mifuko iliyokaa chini bila mbao, ikigusa ukuta, hushika unyevu na kuganda. Mfuko ulioganda utolewe kwenye mfumo siku ileile kama ulioharibika. Ukiachwa mle utaendelea kukuambia usiagize. Nondo ya mita 12 kama unauza nzima tu, kipimo ni kipande. Kama unakata, tumia mita, na vipande vifupi visivyouzika viandikwe kama upotevu.

Hatua ya 4: Hesabu ya kuanzia

Funga duka. Saa mbili za Ijumaa mchana hazitoshi. Kwa duka lenye bidhaa mia kadhaa tenga siku nzima. Wawe watu wawili kila upande, mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Bidhaa za bei kubwa (waya, vitasa, mabomba ya shaba, rangi) zihesabiwe mara ya pili na mtu ambaye hajaona namba ya kwanza. Roli zilizokwisha anza kukatwa zipimwe mita zake, zisikadiriwe kwa macho. Misumari iliyo kwenye masanduku ya kaunta ipimwe kwenye mizani.

Watu hujaribiwa kuanza na namba za kubahatisha “tutarekebisha mbele ya safari”. Ukianza hivyo, hitilafu ya kwanza ikitokea hutajua kama ni wizi, kipimo kibaya au ile bahatisha ya siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Funguo za mfumo

Akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara ambayo wewe mwenyewe unaishika. Mara nyingi kijana anayekuja kufunga mfumo hutumia barua pepe yake ili kazi iende haraka, na mwaka mmoja baadaye hapatikani, na duka halina mwenyewe kwenye kumbukumbu za kampuni. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na ikiwezekana upitie programu ya kutoa namba za siri badala ya SMS, maana laini ya simu yaweza kusajiliwa upya na mtu mwingine bila wewe kujua.

Kila muuzaji awe na jina na namba yake. Nywila moja ya duka zima hufanya ripoti zote za “nani aliuza nini” kuwa karatasi tupu. Muuzaji aruhusiwe kuuza na kupokea malipo ya deni. Kufuta mauzo, kubadilisha bei na kurekebisha stoo vibaki kwako au kwa msimamizi. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, isifutwe, ili historia yake ibaki.

Hatua ya 6: Malipo na madeni

Tengeneza njia ya malipo kwa kila mfuko ambao pesa huingia: taslimu, Lipa Namba ya M-Pesa, ya Mixx by Yas, ya Airtel Money, benki. Usiziunganishe kuwa “simu”, kwani jioni utalinganisha kila moja na salio lake.

Wateja wa mkopo wahamishwe kutoka kaunta buku mmoja mmoja, kila mtu na salio lake la mwisho, akiwepo mwenyewe au akithibitisha kwa simu. Mabishano yatakuwepo, ni afadhali yatokee sasa. Weka kikomo cha deni kwa kila mteja. Mali kauli uliyopewa na msambazaji iingie upande wa pili, kama deni unalodaiwa wewe, ikiwa na tarehe ya kulipa. Ukiisahau, mauzo yake yote yataonekana kama faida.

Majina na namba za simu za wateja sasa ni jambo la kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Chukua unachohitaji kwa ajili ya deni na risiti, basi.

Na risiti inayotoka kwenye mfumo wako si risiti ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, isipokuwa mfumo umeunganishwa rasmi na utaratibu wa risiti za kielektroniki wa mamlaka hiyo. Kama unatakiwa kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, unaendelea kuitoa kama kawaida.

Hatua ya 7: Wiki mbili za daftari na mfumo pamoja

Inachosha, wauzaji wataguna, lakini ifanyike. Kila jioni fanya hesabu hii:

Chenji ya asubuhi 50,000, jumlisha mauzo ya taslimu 640,000, jumlisha madeni yaliyolipwa taslimu 120,000, toa matumizi 18,000 (bajaji, chai, mifuko), toa zilizopelekwa kwa wakala 600,000. Kwenye droo zinatakiwa sh 192,000. Umehesabu 185,000. Zimepungua 7,000.

Upungufu mara nyingi ni matumizi yasiyoandikwa, au malipo ya Lipa Namba yaliyobonyezwa kama taslimu. La pili utaliona kwa kuwa salio la simu litazidi kiasi kilekile. Droo ikizidi, kuna kitu kiliuzwa hakikuingizwa. Wamiliki wengi hufurahia ziada, na ndiyo inayopaswa kuwatia wasiwasi zaidi, kwani inaonyesha kuna mauzo yanapita nje ya mfumo.

Kuna hali ya tatu ambayo droo haitakuonyesha kamwe: bidhaa imeuzwa, haikuingizwa, na pesa haikufika drooni. Hesabu ya fedha itatimia kabisa. Kitakachokosekana ni bidhaa. Kwa hiyo kila jioni chagua vitu vitano, ubadilishe kila siku, uvihesabu rafuni na kulinganisha na skrini. Kazi ya dakika kumi.

Hatua ya 8: Tumia ripoti kukuza duka

Baada ya miezi miwili au mitatu ya data safi, anza na kiwango cha kuagiza. Ni mauzo ya wastani kwa siku, mara siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba. Saruji ikiuzwa mifuko 18 kwa siku, mzigo ukifika baada ya siku 2, akiba mifuko 20: 18 × 2 + 20 = 56. Stoo ikifika 56, agiza. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kiko mlangoni, siku mbili zinatosha. Bati au vifaa vya umeme vinavyosubiri mzigo wa Dar es Salaam, hesabu siku 5 au zaidi. Namba hizi zirekebishwe kwa majira: masika ya Machi hadi Mei ujenzi hupungua, na pesa ya machungwa ikishuka Muheza bati huanza kutoka kwa kasi ambayo wastani wa mwaka hauioni.

Kisha toa orodha ya bidhaa ambazo hazijauzwa kwa siku 90. Jumlisha bei zake za kununulia; kiasi hicho ni mtaji wako uliolala. Uza kwa bei ya kununulia ikibidi, ununue kinachotembea.

Angalia pia faida kwa bidhaa. Saruji huleta watu mlangoni kwa faida nyembamba, halafu mtu huyohuyo anaondoka na bawaba, skrubu na swichi zenye faida nene. Ukijua hilo, hutashindana na jirani kwa kukata bei ya swichi. Utahakikisha saruji haiishi.

Ukifikia duka la pili, Kange au Muheza, sharti kuu ni moja: mzigo unaohamishwa uandikwe na anayetuma na uthibitishwe na anayepokea, kabla kirikuu haijaondoka kurudi. Mfumo mzuri huweka mzigo katika hali ya “njiani” mpaka upokelewe. Bila hilo, kila upungufu wa Muheza utakuwa kosa la Ngamiani, na kinyume chake.

Hatua ya 9: Nakala yako mwenyewe

Kila mwisho wa mwezi toa mafaili matatu: bidhaa na stoo, mauzo, na madeni. Hifadhi kwenye flashi inayokaa nyumbani, na nakala nyingine kwenye barua pepe. Kisha fungua faili la madeni, tafuta mteja mmoja unayemfahamu, uone salio lake linasomeka. Wapo waliotoa faili kila mwezi wakakuta lina safu ya majina bila kiasi, kwa sababu kisanduku kimoja hakikuwekewa alama wakati wa kutoa.

Ukiamua kuhama mfumo, toa kila kitu kabla ya kusitisha malipo. Kampuni nyingi huhifadhi data ya mteja aliyeacha kulipa kwa muda fulani tu, kisha huifuta. Muda huo umeandikwa kwenye masharti ya matumizi. Utafute, uuandike ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, pembeni yake uweke tarehe ya makato ya kila mwezi na barua pepe iliyofungulia akaunti.